Eliya alisikia mvua kabla ya wingu



Mvua kubwa ikianza kupiga juu ya paa la bati, mhubiri hana ujanja. Atapandisha sauti, ataomba spika ziongezwe, mwisho atafunga Biblia na kusubiri. Waumini watatazamana wakitabasamu, na mama mmoja huko nyuma atapiga kigelegele. Kwetu Dodoma, hayo ndiyo mahubiri yasiyolalamikiwa na mtu. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, unaoanza karibu na Desemba na kwisha Aprili. Ukikupita, umekupita mpaka mwaka ujao.

Leo nataka tutafakari mvua ya namna nyingine, mvua inayonyeshwa na kwaya. Sisemi nyimbo zinazozungumzia mvua. Hizo tunazo nyingi. Nasema sauti yenyewe ya mvua, inayotengenezwa kwa viganja, vidole na mapaja ya waimbaji, hata aliyefumba macho akatamani kwenda kuanua nguo. Mimi ni mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya kanisa letu la kijijini, na kuna mwaka ambao mvua ya namna hiyo nusura itugawe.

Video kwenye simu

Ilianza na kijana wetu mmoja wa sauti ya tatu. Alikuja mazoezini na simu, akatuonyesha kwaya ya nchi ya Slovenia, huko Ulaya, iitwayo Perpetuum Jazzile. Mwaka 2008, katika mji wao mkuu wa Ljubljana, waliimba wimbo "Africa" wa bendi ya Toto ya Marekani. Ni wimbo wa mwaka 1982, ambao ndani yake Kilimanjaro na Serengeti zimetajwa. Video yao ilipowekwa intaneti mwaka uliofuata, ilitazamwa na mamilioni ya watu.

Kabla hawajaimba neno hata moja, waimbaji wale wanaanza kusugua viganja. Unasikia upepo. Kisha wanaalisha vidole, kimoja hapa, kimoja pale, na unasikia matone. Kisha wanapiga mapaja, na mvua inashuka. Mwisho wanaruka na kutua kwa kishindo jukwaani, na hiyo ndiyo ngurumo. Hakuna ngoma wala kinanda. Ni watu tu na miili yao.

Tulitazama mara tatu. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mwishoni mwa Desemba, na mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani. Manyunyu ya mwanzo yalikuwa yamewadanganya wengi wakapanda, mbegu zikaota, jua likazichoma. Huko Slovenia, ambako mvua si habari, watu walikuwa wakinyesha mvua ya Afrika. Sisi Waafrika tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi yetu, vumbi likiingia mlangoni.

Mwalimu wa kwaya akasema, "Tutaimba habari ya Eliya pale Karmeli. Na mwisho wa wimbo, tutanyesha."

Msifuatane!

Akatugawa. Wa sauti ya kwanza wasugue viganja polepole, huo ni upepo unaopita kwenye majani. Wa sauti ya pili wagonge kiganja kwa kidole kimoja, hayo ni matone ya kwanza. Wa sauti ya tatu waalishe vidole. Halafu wote tupige mapaja, hiyo ndiyo mvua yenyewe. Mama mmoja alikuwa na kayamba, ile ala ya matete yaliyofungwa pamoja na kutiwa mbegu ndani. Ukiiinamisha upande mmoja, sauti yake ni ya mvua ya mbali inayokuja shambani. Ngurumo itoke kwenye kipande cha bati kilichobaki tulipoezeka kanisa, maana ukikishika juu na kukitikisa, kinanguruma kweli.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Tulitoa mlio wa gwaride la mgambo. Miaka yote mwalimu alikuwa ametufundisha kwenda pamoja: kuanza pamoja, kuvuta pumzi pamoja, kumaliza neno pamoja. Sasa vidole vyote vilikuwa vikialika kwa pigo moja.

"Msifuatane!" akapaza sauti. "Matone hayasubiriani!"

Akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mvua haina mdundo. Sauti yake ni ya maelfu ya matone, kila moja likianguka kwa wakati wake, na sikio linashindwa kulitenga moja na jingine. Watu thelathini wakipiga kwa mara moja, sikio linasikia kofi moja kubwa. Watu haohao wakipiga kila mmoja kwa wakati wake, taratibu, bila kumfuata jirani, sikio linasikia mvua. Na mmoja wao akipiga kwa nguvu ili asikike yeye, mvua inakufa palepale. Kinachobaki ni mtu anayejipiga paja.

Ndugu msomaji, nimekuwa kwenye kwaya kwa zaidi ya miaka ishirini, na somo hilo lilinichoma. Nimewahi kugombania nafasi ya kuongoza ubeti. Nimewahi kununa kwa sababu kipaza sauti kiliwekwa karibu na mwingine. Lakini katika mvua hakuna mwongoza ubeti. Hakuna tone linalotajwa jina. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho (1 Wakorintho 12) kwamba mwili mmoja una viungo vingi, na kiungo kinachoonekana dhaifu ndicho kinachohitajika zaidi. Siku ile nilimwelewa kupitia kidole cha kati na kidole gumba.

Si jambo geni

Mtu asidhani kwamba kwaya kuiga sauti za uumbaji ni mchezo wa vijana wa leo. Mwaka 1739, mjini London, Handel alitoa utunzi wake mkubwa "Israel in Egypt", masimulizi ya kitabu cha Kutoka yanayoimbwa na kwaya na okestra. Anapofika kwenye mapigo ya Misri, fidla zinavuma kama makundi ya nzi. Kwenye mvua ya mawe, kwaya mbili zinarushiana maneno kutoka pande mbili, hata msikilizaji anahisi mawe yanadunda. Kwenye giza, kwaya inaimba taratibu, kama watu wanaopapasa ukuta.

Na ile habari ya Eliya tuliyokuwa tukiifanyia mazoezi, Mendelssohn aliitungia muziki miaka 107 baadaye. Utunzi wake "Elijah" uliimbwa kwa mara ya kwanza mjini Birmingham, Uingereza, tarehe 26 Agosti 1846, yeye mwenyewe akiuongoza. Nchi imekauka. Nabii anamtuma kijana akatazame upande wa bahari, na sauti ya mtoto peke yake inajibu kwamba haoni kitu. Anatumwa tena, na tena. Anapoliona wingu dogo, kwaya nzima inafunguka kwa shukrani, na maji yanasikika yakienda kasi chini ya sauti za waimbaji.

Watunzi hawa walikuwa wakifanya kile ambacho Zaburi imekwisha kukisema. Fungua Zaburi ya 98, utakuta mito inapiga makofi na milima inaimba. Fungua Isaya 55, utakuta miti nayo inapiga makofi. Fungua Zaburi ya 148, utakuta mvua ya mawe, theluji na upepo wa dhoruba vimeorodheshwa kati ya wanaomsifu Mungu, pamoja na wafalme, wazee na watoto. Kwaya ya kwanza haikuvaa majoho. Sisi tuliingia baadaye, na kila tunapoiga mvua au upepo tunajifunza wimbo kwa waliotutangulia.

Swali la mzee

Habari za mazoezi yetu zikafika kijijini. Jioni moja mzee mmoja wa kanisa, aliyevuka miaka sabini, aliingia akakaa benchi la nyuma. Tulipomaliza, alisimama akiwa ameshika kofia yake.

"Mwalimu, mwanangu, nikuulize. Hili mnalofanya lina tofauti gani na lile la waganga wa mvua?"

Kimya kikatanda. Kila mtu pale alijua anachosema. Zamani, kwa Wagogo, mtemi ndiye aliyebeba dhamana ya mvua na rutuba ya nchi yake, na kulikuwa na mawe ya mvua na taratibu zake. Mzee aliendelea, "Baba yangu aliyaacha hayo siku alipobatizwa, na aliyaacha kwa gharama. Alichekwa. Leo mvua imegoma, na ninyi mnasimama mbele ya madhabahu kuigiza sauti yake ili ije. Mmeyarudisha kwa mlango wa kwaya?"

Kabla mwalimu hajajibu, mama mmoja wa sauti ya pili naye akasimama. "Shikamoo, mzee. Na mimi nina neno, mwalimu unisamehe. Nyumbani nimebaki na debe moja la mtama. Kila asubuhi nalitazama. Sijui niwapikie watoto au niweke mbegu. Mvua ya mikono haijazi ndoo."

Sikuwa na la kusema, na mwalimu hakuwa nalo. Wimbo tuliouona mzuri ulikuwa umeulizwa maswali mawili mazito: je, ni uganga? Na kama si uganga, ni mchezo tu mbele ya watu wenye njaa?

Kati ya sauti na wingu

Mchungaji alituita wote Jumatano. Hakutoa hukumu. Alituambia tufungue 1 Wafalme 18 na tusome taratibu, kila mtu kimyakimya.

Kisha akatuelekeza kwanza kwa manabii wa Baali, watu 450. Baali aliaminiwa kuwa mungu wa tufani na mvua. Manabii wake walimwita tangu asubuhi mpaka adhuhuri, wakarukaruka kando ya madhabahu, wakajikata kwa visu mpaka damu ikatoka, wakaendelea mpaka jioni. "Hawa," mchungaji alisema, "walidhani kelele yao itamlazimisha mungu wao. Mzee amesema kweli. Kwaya inaweza kufika huko. Hata ibada yetu ya kila Jumapili inaweza kufika huko, tukidhani Mungu anavutwa kwa ukubwa wa spika."

Halafu akatuonyesha Eliya. "Angalieni mistari. Mstari wa 41, Eliya anamwambia mfalme Ahabu aende akale na kunywa, kwa sababu anasikia mvua nyingi ikija. Mstari wa 44 ndipo wingu linaonekana. Amesikia kabla ya kuona. Na kati ya kusikia na kuona kuna nini?"

Mama wa sauti ya pili akajibu, "Kuna magoti."

Ndivyo ilivyo. Nabii anapanda mlimani, anainama mpaka uso unafika katikati ya magoti. Kijana wake anatumwa kutazama bahari mara saba, na mara sita anarudi bila habari yoyote. Fikiria safari ya nne, ndugu msomaji. Fikiria ya tano. Eliya hakumtuma kwenda kuleta mvua. Alimtuma kwenda kutazama. Yakobo anatukumbusha (Yakobo 5:17) kwamba Eliya alikuwa mtu kama sisi. Nadhani katika ile safari ya tano na yeye alimeza mate.

"Mganga wa mvua anapiga sauti ili mvua imtii," mchungaji alimalizia. "Eliya alisikia sauti kwa sababu alikwisha kupewa ahadi, nayo imo mwanzo wa sura hii. Mkiimba kama wa kwanza, acheni. Mkiimba kama wa pili, imbeni, na nina masharti mawili. Kabla ya mvua yenu, pigeni magoti kimya. Na lile bati libaki nje. Ngurumo mwachieni mwenyewe."

Mzee hakusema kwamba ameridhika. Alisema atakuwepo.

Jumapili ile

Siku ilipofika, mwalimu alizima kinanda na spika. Nilishtuka jinsi kanisa letu lilivyo kimya. Nilisikia kuku nje, nilisikia mtoto akinyonya, nilisikia upepo mkavu ukipita kwenye nyufa za mlango.

Tuliimba habari ya ukame, kisha tukapiga magoti. Kijana wa shule ya Jumapili akatumwa mlangoni. Alikwenda, akatazama nje, akarudi, akatikisa kichwa. Akatumwa tena. Watu walidhani atakwenda mara mbili au tatu, tumalize. Alikwenda zote saba, bila wimbo, bila maelezo. Katika safari ya nne watoto walicheka. Katika safari ya sita hakuna aliyecheka. Miongoni mwetu walikuwapo watu ambao kila asubuhi walikuwa wakitoka mlangoni vilevile, wakitazama, wakirudi ndani.

Mara ya saba kijana aliinua mkono wake mdogo juu ya kichwa, kwa maana lile wingu la Karmeli lilionekana kwa mbali kama mkono wa mtu. Na hapo mikono yetu ikaanza. Upepo. Matone. Kayamba ikamwagika taratibu. Hatukufuatana. Mapaja yakalia, mvua ikajaa kanisani, ikapanda mpaka kwenye bati, na nikamwona mama wa sauti ya pili akipiga huku machozi yanamtoka. Kisha ikapungua: mapaja, vidole, viganja, kimya. Hakuna aliyepiga makofi. Sijui kimya kile kilidumu kwa muda gani.

Haikunyesha Jumapili ile. Naliandika wazi kwa sababu zipo shuhuda zinazopenda kumaliza kwa haraka. Mvua ilikuja katika wiki ya tatu, ikiwa imechelewa, na si kila shamba lilipona. Mama yule alikuwa amegawa debe lake. Nusu alipika. Nusu aliifunga kwenye kitambaa, na Jumatatu iliyofuata ibada ile alikwenda kulima, udongo ungali mgumu kama sakafu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Ikija inikute shambani."

Na mzee? Baada ya ibada alimfuata mwalimu, akamshika mkono. "Sijabadili mawazo yangu, mwanangu," alisema. Kisha akashusha sauti. "Lakini nilichungulia dirishani."

Neno la leo

Ndugu msomaji, huenda unasoma ukiwa mahali ambapo maji si shida. Ukame wako ni mwingine. Unaomba ajira, unaomba mtoto, unaomba mgonjwa ainuke, unaomba kijana arudi nyumbani. Umekwenda kutazama mara sita, na mara sita hukuona kitu. Waebrania 11 inasema imani inahusu mambo tuyatarajiayo, yasiyoonekana bado. Dawa ya kungoja si kelele za Baali. Wala si kujidanganya kwamba wingu lipo wakati halipo. Kijana wa Eliya alisema kweli mara zote sita, wala hakukemewa. Dawa ni kupiga magoti, kutega sikio, na kwenda tena kutazama.

Ndiyo maana naamini kwaya inapoiga mvua, upepo au ndege wa alfajiri, inafanya huduma. Inatufundisha kusikia. Paulo anasema (Warumi 8:22) uumbaji wote unaugua pamoja nasi ukingoja. Basi si sisi peke yetu tunaosubiri. Udongo nao unasubiri, mtama nao unasubiri. Tunapozikopa sauti zao tunaungana nao katika maombi.

Kwa wenzangu wanakwaya nina ombi moja. Jumapili moja, zimeni mitambo. Kaeni kimya kwa dakika moja kabla ya wimbo, halafu mnyeshe mvua kwa mikono yenu, kila mmoja tone lake, bila kusikilizia nani amesikika. Mkiweza kufanya hivyo mazoezini, jaribuni pia kwenye mikutano ya kwaya, pale tunapogombania sare na safari.

Na kwako unayengoja: leo ukitoka ibadani, tazama juu. Kama hakuna kitu, sema hakuna kitu. Kesho tazama tena.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemsikilizisha Eliya mvua kabla ya wingu, tega masikio yetu. Utunze kutazama kwetu tunapochoka. Utufanye matone yasiyotafuta kusikika, ili nchi yako inywe. Kwa jina la Yesu Kristo, amina.